Kadi Mia Moja

Nimezihesabu usiku, stoo ya dawa, Tukuyu,
mvua ikitwanga bati kama inalidai.
Kadi mia moja za wagonjwa wa nje, mwezi wa tatu.
Sabini na moja zina antibayotiki.
Nikarudia, nikidhani usingizi umenidanganya.
Sabini na mbili.

Ng'ambo ya Songwe, huko Karonga,
Mwafulirwa naye anahesabu zake.
Lugha yetu ni karibu moja, yeye na mimi,
akisema ndaga namsikia shangazi yangu.
Mto ambao jiwe la mtoto huuvuka
umegawa wino: kwake hamsini na nne,
na seftriaksoni ameiandika mara mbili tu.
"Usinisifu, dada," ananiambia simuni, akicheka.
"Boksi lilikuwa tupu."

Na Ingunn, aliyekaa nasi miezi sita
akajifunza kumenya ndizi bila kushikwa na utomvu,
ametuma za kwao, kaskazini, pwani ya barafu:
kumi na tisa.
Nimeitazama namba hiyo
kama mtu atazamavyo nyumba ya jirani yenye taa zote.

Kwenye semina watachora nguzo tatu za rangi,
yetu ndefu kuliko zote, nyekundu,
na mtu mwenye tai atauliza: kwa nini?

Kadi ya thelathini na nane. Mtoto, miezi kumi na minne, mafua, homa.
Mwandiko wa Dokta Gwakisa, umeinama kama mgomba wenye mkungu.
Nilikuwapo. Mama alitoka Kandete na giza,
nauli ya kurudi kaifunga kwenye pindo la kanga.
Ingunn angesema: subiri siku tatu, homa ikizidi nipigie.
Lakini subira nayo ni dawa, na ina bei.
Inataka barabara, inataka salio,
inataka mashine ya damu, na yetu imefunikwa shuka tangu Januari.
Gwakisa alichungulia dirishani, ukungu umeimeza Rungwe,
akaandika amoksilini.
Hakumwandikia mtoto. Aliuandikia usiku
ambao yeye asingekuwepo.

Namwelewa. Ningeishia hapo,
isingekuwa kadi ya themanini na tisa.

Subilaga, mshonaji, kidonda cha upasuaji.
Usaha wake tuliupeleka Mbeya ndani ya kiboksi cha barafu.
Majibu yakarudi siku ya sita,
safu ya majina ya dawa, na mbele ya kila jina
sugu, sugu, sugu,
kama mtu anayegonga mlango wa hame.
Siku ya sita alikuwa ameshafika kwao, Isongole,
amebebwa.

Baba yake mkulima wa viazi. Alikuja kufuata karatasi.
Nikaanza kumweleza kwa maneno ya bango:
vimelea, usugu, matumizi holela.
Akanikatiza kwa mkono wenye bluu ya mrututu kuchani.
"Kama bakachelewa," akasema.
"Zamani tulipuliza mara mbili, likafa.
Siku hizi tunapuliza kila wiki, hata jani likiwa zima, kwa woga,
na baka linatuangalia tu."

Kwa woga. Alilitamka yeye, si mimi.
Kwenye fomu kuna safu ya Sababu, na visanduku vyake:
kikohozi, kidonda, kuhara, homa.
Nimekitafuta cha tano mpaka nyuma ya karatasi.

Saa nane na robo. Nimempigia Mwafulirwa, naye yu macho.
Nimemwambia tuzihesabu upya, sisi na Ingunn,
tuchore safu moja kwa rula, pembeni:
kutoka kitandani kwa mgonjwa hadi mlango huu, umbali gani?
Akanyamaza. Nikasikia mvua ya kwake.
"Safu hiyo hawataipenda," akasema,
kisha akaniomba nimsubiri atafute rula.

Kadi ya kwanza. Nyuma ya Kiwira.
Kilomita kumi na tisa, kwa mguu.